Maziwa ya Getini

Kuna watoto, siku hizi watu wazima wenye mvi zao, wanaoniita eeddo. Kwa Kisomali ni shangazi, dada ya baba. Wakinipigia simu baada ya ibada, nami nikajibu "Eeh, eeddo, niko hapa," kina mama wa benchi langu hugeuka wote kwa pamoja. Mwanamke wa bara, kilemba cha kanisani kichwani na kitabu cha nyimbo kwapani, amepata wapi wapwa wa Garissa? Huwa nawaambia ni hadithi ndefu. Uongo. Ni fupi, ila inaniuma nikiisema, na mimi sipendi kuumia mbele ya watu.

Leo nitaisema, mwenye kucheka na acheke.

Nianze na likizo, maana hapo ndipo watu huanza kunicheka. Tulikuwa tukienda likizo Garissa, vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali, vikiwa vimepamba moto. Ndiyo, kustarehe! Tulikwenda kwa msafara wa malori, askari mbele, askari nyuma, katikati sisi na mabegi yetu na keki ndani ya mikebe. Baba yangu alikuwa mmoja wa maofisa waliorithi nyumba za Wazungu kandokando ya mto Tana baada ya uhuru. Sisi watoto tulisoma bara, na mama zetu wengi walikaa bara kutulea. Lakini Agosti na Desemba tulishuka wote, na ule mtaa mdogo uliozungushiwa waya ukajaa vicheko. Watu wa mjini waliuita Kwa Wakubwa. Mtu hakuingia bila pasi.

Ndani kulikuwa na nyasi za kijani. Nyasi, Garissa! Pampu ilivuta maji mtoni asubuhi hadi jioni kuzinywesha, na nje ya waya ng'ombe walipita mbavu nje wakitutazama. Kulikuwa na klabu yenye paa la makuti na friji ya mafuta ya taa, na kila Jumamosi mchana tulicheza dansi, mchana kweupe, kwa sababu ya kafyu. Kina mama walikaa kwa vyeo vya waume zao. Viti vyenye mito vilikuwa vya wake wa wakubwa hasa, viti vya kamba vya waliofuatia, na mke wa karani, hata awe msomi namna gani, hakualikwa. Makarani walikaa kwenye laini zao nyuma ya ofisi, vyumba viwili viwili, na sisi tulifundishwa kutopita huko.

Mama yangu alikaa kwenye kiti chenye mto. Alikikalia, nakuambia, mgongo wima, kikombe kidole juu. Alipenda kuwaambia wenzake, "Mimi jamani huku sikuzaliwa wala sikuzoea, ndiyo mara yangu ya kwanza kuona nchi kavu hivi." Nami nilijua nimezaliwa Nairobi, kwa maana ndivyo nilivyoambiwa.

Ila Mama alikuwa na vijambo vyake. Alijua upepo ukigeuka saa sita vumbi litaingia saa ngapi, na alifunga madirisha kabla ya mwenyeji yeyote. Siku moja mwanamke mmoja nje ya waya alimtukana punda wake kwa Kisomali, tusi refu, nikaona mdomo wa Mama umecheka kabla hajaukaza. Nikamuuliza, "Mama, umeelewa?" Akanijibu, "Nielewe nini? Kamwage hayo maji." Nami nikaenda nikayamwaga.

Kisha kulikuwa na maziwa. Kila asubuhi wanawake wa mjini walileta maziwa hadi getini kwa vibuyu vyao vya kusukwa, vile ambavyo hufukizwa moshi wa mti ndani ili maziwa yasiharibike. Wake wa wakubwa walilalamika. Kwanza, eti yanatiwa maji. Pili, eti yananuka moshi. Waliyachemsha, wakayachemsha tena, wakatia iliki, na bado walikunja pua. Nyumbani kwetu ndugu zangu hawakuyagusa. Mimi niliyanywa mabichi, pale pale jikoni, kutoka kwenye jagi. Sijui kwa nini, nilikuwa nikisema. Nimeyapenda tu. Mama alikuwa akinitazama nikinywa, kisha anatoka jikoni.

Kwa ajili ya hilo suala la maji, idara ya mifugo ilimweka kijana getini kupima maziwa. Alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, anakitumbukiza, anasoma, anasema "Sawa" au "Rudisha." Hakupendelea mtu. Hata mama yake mzazi, aliyekuwa mmoja wa wale wauzaji, alimpimia kama wengine, na mama yule alikuwa akimsuta mbele ya watu wote, "Wewe! Hii ziwa ulikunywa wewe, hukubima!" Wanawake wanaangua kicheko, naye anasoma kipimo, uso mkavu, "Sawa, hooyo. Pita." Kisha akanitazama mimi na jagi langu kuona kama nami nimecheka. Nilikuwa nimecheka.

Nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, karibu miaka ishirini na moja, na nilikuwa najiona. Yeye alinizidi kidogo. Mrefu, kola imefuliwa hadi imekonda, Kiswahili chake cha shule na Kiingereza chake cha shule, vyote viwili vimenyooka kuliko vyangu. Nitasema wazi, nilimpenda. Nilimpenda Agosti nzima, nikarudi chuoni nikampenda bila kumwona, nikarudi Desemba nikakuta naye hajaacha. Tulikuwa tukiongea getini asubuhi, na jioni kule kwenye pampu, yeye nje ya waya, mimi ndani. Tuliongea vitabu, mvua, ndugu zake waliokuwa na ngamia upande wa Sangailu na ambao hakujua kama wako hai. Mimi nilimsimulia chuo.

Na hakunigusa. Hilo mlishike. Kulikuwa na ubao mpana uliokatiza geti, wa kuwekea vibuyu. Nikimpa jagi, halipokei mkononi mwangu. Anangoja niliweke juu ya ubao, niondoe mkono, ndipo alichukue. Akilirudisha, hivyo hivyo. Mwanzoni nilidhani ni kiburi, nikamwuliza kama mkono wangu una upele. Akacheka hadi askari akageuka. Akasema, "Wewe si wangu bado. Siku ukiwa wangu nitaushika, na sitauachia." Mungu wangu! Nilirudi nyumbani sioni njia. Maziwa nusu yalimwagika.

Mama yake nilimzoea pia. Tangu Agosti ya kwanza aliniuliza, "Wewe mtoto ya kwanza ya nyumba ile?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye kifungua mimba. Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua embe, akasema neno moja tu la Kisomali, akanimiminia nyongeza. Kuanzia siku hiyo sikukosa nyongeza. Aliniita hooyo, yaani mama, nami nikashangaa mwanamke mzima kuniita mimi mama, hadi mpimaji aliponieleza kwamba kwao mama humwita mwanawe hivyo hivyo, na kwamba wanawake wakubwa humwita hivyo kila mtoto. Basi nikaona ni adabu ya sokoni, nikaipokea pamoja na nyongeza. Zile zilikuwa siku ambazo watu wa mjini walikunywa chai ya rangi kwa sababu mifugo ilikuwa imekamatwa au imekufa. Najua sasa ile nyongeza ilitoka kinywani mwa nani. Wakati ule sikuuliza. Nilikunywa.

Desemba hiyo mpimaji aliniambia atatuma wazee wake kwa Baba. Nilimwambia ana kichaa. Akasema, "Wazee wanakwenda mchana, kupitia geti, na pasi zao. Mimi si mwizi." Tulikwisha kukubaliana kwamba nitasilimu. Nilikuwa najua Baba ataumia, maana alikuwa mzee wa kanisa, na nilikuwa najua Mama atafanya zaidi ya kuumia. Kwa mama yake yeye alisema tu kuna msichana, atamjua wazee wakirudi. Hakutaka maneno ya getini.

Wazee hawakufika. Jirani yetu, ambaye mume wake alihusika na mambo ya usalama, alituona kwenye pampu, akaenda kumnong'oneza Mama kwenye viti vyenye mito.

Loo! Mama alinirudia nyumbani. Nilidhani nimezijua hasira zake, sikuwa nimezijua. "Muuza maziwa! Mtoto wa muuza maziwa!" Nikamwambia ni mtumishi wa serikali. "Leo," akasema. "Kesho yuko msituni na bunduki. Unataka kunizalia mashifta?" Akasema dini. Akasema kabila. Akasema baba yako atafukuzwa kazi. Akasema watu watasema nini. Kila fimbo iliyokuwa karibu aliiokota akanichapa nayo, na mimi nikajibu kila moja, kwa maana nami nina mdomo, sikuuokota barabarani. Tulizozana hadi wote wawili tukakauka koo. Na katika maneno yale yote, lile neno moja ambalo lingeyamaliza mambo pale pale, bila tusi na bila chozi la mtu kuonewa, hakulisema.

Alivaa viatu akaenda kunywa chai kwa jirani.

Baada ya siku chache mpimaji hakuwapo getini. Askari mpya alikuwa akipitisha maziwa bila kupima. Nilimwuliza kwa sauti ya kujali maziwa. Akasema yule kijana amenyang'anywa pasi, amepelekwa kijijini.

Kijiji, siku zile, hakikuwa kijiji. Ilikuwa ni sehemu nje ya mji iliyozungushiwa miiba, watu wamekusanywa humo na kuhesabiwa asubuhi na jioni ili wasiwalishe shifta. Maji yaliletwa kwa lori, siku likija. Asiye na pasi hakutoka, na aliyejaribu kutoka, wanajeshi hawakumwuliza jina. Nilikijua kwa macho, kwa kuwa kilionekana kutoka kwenye barabara ya uwanja wa ndege tulipokwenda kupunga upepo kwenye gari. Tulikuwa tukikipita tukila njugu.

Sikula siku hizo. Mama alinitilia chakula na kuondoa sahani.

Halafu mama yake akaja. Haikuwa asubuhi ya maziwa, ilikuwa alasiri, saa ya chai ya klabu, na klabu ilikuwa hatua chache tu kutoka getini. Alikuja bila kibuyu. Akasimama nyuma ya ubao akamwambia askari anamtaka mke wa fulani, akitaja cheo cha Baba. Askari alimfukuza. Hakuondoka. Aliita, si kwa kelele, akarudia, akarudia tena, hadi viti vyenye mito vikaanza kugeuka kumtazama Mama, na Mama hakuwa na budi ila kwenda. Mimi nilimfuata nyuma.

Likizo zote zile sikuwahi kumwona Mama akikanyaga getini. Alikuwa akituma mtu. Akipita ni ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

"Bole, mke ya karani," yule mama akamwambia.

"Mimi si mke wa karani," Mama akasema.

"Sasa hafana. Zamani." Alisema polepole, kwa heshima, kama aliyekuja matangani. "Mimi sikukuja kukusumbua. Umekuja hapa na gari, mimi nimefurahi, wewe umefunga kioo. Nimesema sawa. Mtu akifunika kitu yake, mimi si mtu ya kufunua. Nimenyamaza. Lakini sasa wamechukua kijana yangu, wanasema anafuata msichana ya wakubwa. Nani msichana? Mimi sijui. Wewe sema na baba ya watoto, atoe yeye. Kwa ile maneno ya zamani. Bas."

"Simjui mwanamke huyu," Mama alisema, lakini hakumwambia yeye. Aliwageukia wale wa klabu. "Jamani, simjui."

Hapo ndipo nikalia. Sikukusudia. Yule mama akaniangalia, akayaona machozi, akaangalia upande wa kijiji, akaniangalia tena. Niliona jambo likimwingia. Akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Astaghfirullah! Ni huyu? Msichana ni huyu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mjinga mimi, nilidhani amefurahi.

"Huyu nimenyonyesha mimi!" Alijipiga kifua, hapa, mara mbili. "Ziwa hii! Huyu ni dada yake! Atamwoa vipi? Mke ya karani, uliwaacha? Ulijua, ukawaacha?"

Nilimtazama Mama. Neno lake moja tu lilitakiwa. Angesema "kweli," kijana angetolewa jioni ile ile, kwani mashtaka yote dhidi yake yalikuwa ni mimi, na mimi nisingekuwa tena mashtaka. Mama akasema, "Mwanamke huyu ana wazimu. Mimi huku ni mgeni." Akanishika mkono akaniburuta nyumbani.

Na mimi nilifurahi. Nisameheni. Niliburutwa huku moyo wangu unasema, ni wazimu, ni uongo wa kutafuta kijana wake, mimi nimezaliwa Nairobi. Nilikuwa radhi mama wa watu awe mwendawazimu na mwanawe akauke kwenye miiba, alimradi asiwe ndugu yangu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Punda huyo nilikuwa mimi, na maziwa yake yalikuwa bado tumboni mwangu, ya asubuhi ile.

Baba aliporudi kutoka ofisini habari ilikuwa imemtangulia. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mjini alikuwa akiogopwa, nyumbani alikuwa akiogopa. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akafungua kamba za viatu. Mama alianza, wazimu, uongo, watu hawa. Baba akamwacha amalize.

"Mtoto angekufa," akasema.

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza kutosha." Akanigeukia mimi. Akaniambia kwamba nimezaliwa hapo hapo Garissa, katika laini za makarani, chumba cha mwisho, yeye akiwa karani mdogo wa Wazungu. Mama aliugua homa nilipokuwa na majuma machache, maziwa yakamkauka. Maziwa ya mkebe hayakuwapo, na ya ng'ombe niliyatapika. Palikuwa na mwanamke nyuma ya laini, mwenye mtoto wa kiume aliyekuwa akitembea, na binti mchanga waliyemzika wiki ile. Kifua chake kilikuwa kimejaa na hakuna wa kukinyonya. "Nilikuchukua ndani ya koti langu," Baba akasema. "Sikumjua hata jina. Nilikuonyesha tu. Akakuchukua. Ulinyonya mvua zote zile hadi kiangazi kikaingia."

Nilikuwa nimekalia nafasi ya mtoto mwingine, basi. Maziwa yalikuwa ya yule binti.

Nikamwuliza Mama kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali, kwa kuwa nilitaka awe na kosa mtu mwingine na si mimi. Nilingoja aniambie viti vyenye mito, aibu ya laini; njia ya mwongo ni fupi, nikajiambia, na yake imefika mwisho. Mama alikaa chini, sakafuni, nguo yake nzuri ile.

"Wewe hujui," alisema. "Hujui kukaa nje ya nyumba ya mtu, kifua kikavu, ukisikia mtoto wako anameza ndani. Na nilipopona nikakuchukua, ulinikataa. Ulinigeuzia uso. Ulilia ukimtaka yeye, siku baada ya siku, mpaka baba yako akaomba uhamisho. Hicho ndicho nilichoficha. Cheo ni cha wale wa klabu. Mimi nilificha kwamba ulinikataa." Kisha akasema, "Na ulipokuja tena huku, kitu cha kwanza ulichokwenda kukinywa ni yale maziwa."

Mtoto wa majuma machache ana kosa gani? Hana. Lakini nimekuwa nikilibeba tangu jioni ile, kosa la kumkataa huyu na kosa la kumnyonya yule, na hakuna padri aliyewahi kujua aniondolee vipi.

Baba alikwenda ofisini kesho yake kabla ya chai. Aliwaeleza wenzake waziwazi, karani, laini, koti, na yote. Nasikia walicheka. Klabu haikumwalika Mama tena kwenye kiti chenye mto, na yeye hakwenda kukitafuta. Mimi, mbaya zaidi ya wote, nilikuwa nimemkasirikia Baba kwa kusema ukweli. Usiku wote nilikuwa nimeomba abadilishe mawazo.

Mpimaji alitolewa. Asubuhi iliyofuata alikuwa getini. Nilikuwa nimejitayarisha, nimepanga maneno kama wakili. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa kiu, shati lile lile. Mama yake alikuwa kando yake na kibuyu. Niliweka jagi juu ya ubao kama kawaida, nikaondoa mkono, nikasema haraka, kwa sauti ya chini, kabla hajafungua mdomo.

Nilimwambia kwamba kwetu jambo hilo si kitu. Mtoto akinyonya kwa jirani, amenyonya, basi, anakwenda zake. Hakuna anayekumbuka. Twende Nairobi, nikamwambia, Nairobi nani atajua? Nani atauliza nani alinyonya wapi? Nitasilimu kesho. Leo, ukitaka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi ya hasira.

"Kwa dini yetu hata mara tano tu zingetosha kutufanya ndugu," alisema. "Wewe ulinyonya mvua nzima. Hata nikienda mwisho wa dunia, nitakwenda nikijua."

"Basi sema hunitaki."

"Kusema hivyo ni uongo," akasema, "na mimi sisemi uongo kwenye geti hili."

Alimtazama mama yake, na mama yake akatikisa kichwa, macho yamejaa, akacheka kidogo pia, kwa maana kwake ilikuwa siku ya kurudishiwa watoto wawili. Ndipo mpimaji akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya Agosti wala Desemba. Mbele ya askari, mbele ya wanawake wote wa maziwa, mbele ya jirani yetu aliyekuwa akipita na mwavuli wake, alinyoosha mkono juu ya ubao, akaushika wangu. Kwao mwanamume humshika mkono mkewe, mama yake, binti yake na dada yake. Aliushika wote, kwa vidole vyote, kama alivyoniahidi kwamba siku nikiwa wake hatauachia.

"Walaashay," akasema. Dada yangu.

Na kweli hakuuachia. Aliniletea mke wake nimwone kabla ya wazee. Watoto wake ndio hao wanaonipigia simu. Hooyo wetu alipokufa niliitwa kabla ya majirani, nikapewa nafasi miongoni mwa binti zake. Kila tulipoonana, hata tulipokuwa wazee wa fimbo, alikuwa akitangulia mkono kwa furaha, moyo mweupe, ndugu na dada yake.

Aliushika wangu kama ndugu. Mimi wake, Mungu anisamehe, hata siku moja sikuushika kama dada.